Mabeseni Mawili ya Mwalimu Ikweta

Wanafunzi walimwita Ikweta kwa sababu ya mkanda. Alikuwa mwanamke mpana, si haba, na kila siku alijifunga mkanda mwekundu pale alipokuwa mpana kuliko pote, kana kwamba alitaka ijulikane kaskazini yake inaishia wapi na kusini inaanzia wapi. Jina hilo lilimfikia masikioni mwaka wake wa pili kazini. Hakukasirika. Alisema ni dalili kwamba somo limeeleweka.

Mimi nilifundisha Kiswahili, kwa hiyo nikaitwa Sarufi. Meza yangu katika chumba cha walimu ilitazamana na yake kwa miaka tisa. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yale nisiyoyaona alinisimulia mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kulala na neno kifuani.

Jiografia aliifundisha kwa mdomo na chaki. Alikuwa na daftari moja nene la maandalio, lililobadilishwa jalada mara nne, na ndani yake dunia nzima ilikuwa imepangwa: milima ukurasa huu, mito ukurasa ule, ncha za dunia karibu na mwisho. Kila mwaka alianza ukurasa wa kwanza mwezi wa kwanza, akafika wa mwisho kabla ya mitihani. Ukimkatiza kwa swali, alirudi nyuma sentensi mbili akaanza upya, kama gari lililozimika mlimani. Wanafunzi wakajifunza kutouliza, ili wawahi kwenda nyumbani.

Basi mwaka ule kikaja kijitabu. Kililetwa ndani ya bahasha kubwa, kurasa arobaini zenye picha za rangi, kikihimiza kwamba sayansi ya ncha za dunia ifundishwe kwa vitendo. Hakukuwa na barua ya kueleza nani amekituma. Mwalimu wa sayansi alikipokea, akakifunua, akaona humo mna mabeseni, barafu na mafuta ya kupikia, akakisukuma kwa kidole kimoja hadi kwenye meza ya Ikweta.

"Hii ni jiografia, dada."

"Barafu ni sayansi," Ikweta akasema, akakirudisha.

"Barafu ikiwa kwenye glasi ni sayansi. Ikiwa kwenye ramani ni jiografia."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa ameingia kutafuta kalamu, akaikata kesi palepale. "Jalada lina picha ya dunia. Dunia ni ya nani humu ndani?"

Sote tukamtazama Ikweta.

"Mimi na vitendo tuliachana chuoni," akasema. "Na hatukuachana kwa wema."

Lakini mkuu alikuwa anataka picha za wanafunzi wakitenda, za kubandika ukutani ofisini kwake, na amri ya mkuu haina rufaa.

Tatizo la kwanza lilikuwa barafu yenyewe. Shule ilikuwa na jokofu moja tu, nalo lilikaa ofisini kwa mkuu kwa kazi maalumu ya kupoza soda za wageni. Bahati nzuri Ikweta alikuwa ameolewa na fundi wa majokofu. Mumewe alikuwa mtu mkimya, mwenye bisibisi mfukoni hata siku ya harusi ya binti yao, na uani kwao majokofu ya watu yalipanga foleni kama wagonjwa. Miaka yote ya ndoa mke alifundisha habari za barafu, mume akatengeneza vyombo vya kuigandisha, na hawakuwahi kuizungumzia hata siku moja. Kila mmoja alidhani barafu ya mwenzake ni ya aina nyingine.

"Unataka kiasi gani?" mume akamuuliza.

"Ya kutosha ncha mbili."

"Ncha moja ni ndoo ngapi?"

Wakakubaliana ndoo moja kwa kila ncha.

Kitendo cha kwanza kilimhusu sili, yule mnyama wa baharini anayeogelea kwenye maji ya barafu bila kutetemeka, kwa kuwa chini ya ngozi yake kuna tabaka nene la mafuta. Kijitabu kilielekeza hivi: chukua mifuko miwili ya plastiki, jaza mafuta mazito ya kupikia katikati yake, mwanafunzi atie mkono ndani, azamishe kwenye maji ya barafu. Mkono wa pili uvae mfuko mtupu. Mpishi wa shule aliombwa mafuta, akayatoa kama mtu anayetoa figo.

Mkono mtupu ulichomoka majini kabla hesabu haijafika ishirini. Ule wa mafuta ulikaa mpaka mwenyewe akaanza kupiga miayo. Darasa likalipuka, kila mmoja alitaka kuwa sili. Mkuu alitoka ofisini mbio akidhani ameonekana nyoka.

Kesho yake mama mmoja alikuja juu, kwamba binti yake amerudi nyumbani ana mafuta mpaka kwapani.

"Hivi mnafundisha nini hapa?"

"Sili," Ikweta akajibu.

"Huli nini?"

Mimi ndiye niliyeitwa kusuluhisha, kwa kuwa lilikuwa suala la lugha.

Kitendo cha pili kilikuwa cha vitambaa. Vipande viwili vya barafu vililazwa juani uwanjani, kimoja chini ya kitambaa cheupe, kingine chini ya cheusi. Cha chini ya cheusi kiliisha upesi. Ikweta mwenyewe alichuchumaa pale kwenye vumbi, mkanda ukilalamika, akifunua kitambaa kila dakika tano kama mpishi anayechungulia chungu. Aliporudi chumba cha walimu alikuwa na vumbi magotini na jambo usoni ambalo sikuwahi kuliona kwake. Nadhani ilikuwa furaha, ingawa wakati ule nilifikiri ni jua.

"Sarufi," aliniambia, "unajua nimeandika kwenye ubao kwamba cheusi kinanyonya joto mara ngapi? Leo ndiyo nimeona."

Kisha kikaja kitendo cha tatu.

Dawati la mbele alikaa binti mmoja mwembamba, mwenye rula ya chuma aliyopewa na babu yake seremala, ambaye wenzake walimwita Kwanini. Huyu hakuwahi kujifunza kutouliza. Ikweta alimpa kazi ya kupima, kwa matumaini kwamba mtu anayepima hana nafasi ya kusema.

Mabeseni mawili yakawekwa mezani. Katika la kwanza yalipangwa mawe, yakatiwa maji yasiyofika kileleni mwa mawe, na juu ya mawe ikawekwa barafu. Hiyo ilikuwa Ncha ya Kusini, ambako barafu imekaa juu ya nchi kavu. Katika la pili hamkuwa na mawe. Maji matupu, na barafu ikielea. Hiyo ilikuwa Ncha ya Kaskazini, ambako chini hakuna nchi, ni bahari iliyoganda juu. Kwanini akaweka alama ya kalamu mahali maji yalipofika, beseni hili na lile.

Kijitabu kilisema wanafunzi waulizwe kwanza wanadhani nini kitatokea. Hapo Ikweta aliparuka, kwa kuwa hakuona sababu ya kuwauliza watoto jambo analolijua yeye. Alifungua daftari lake nene akawasomea: "Barafu ya bahari ya Ncha ya Kaskazini ikiyeyuka yote, bahari itapanda na miji ya pwani itazama. Nukta." Kalamu arobaini na moja zikaandika.

Saa ya chakula cha mchana barafu ilikuwa imekwisha. Kwanini akainama na rula yake.

"La mawe limepanda sentimita moja na nusu, Mwalimu. Hili lingine halijapanda."

"Pima tena."

"Nimepima mara tatu."

"Basi kuna mtu amekunywa."

Darasa zima likaanza kutazamana, kumtafuta aliyekunywa Ncha ya Kaskazini.

Siku ya pili Ikweta alisema beseni linavuja, akaleta jingine. Maji hayakupanda. Siku ya tatu alikaa kando ya meza mwenyewe, hakwenda hata kunywa chai, macho kwenye alama ya kalamu kama askari wa benki. Barafu ikayeyuka kimya kimya mbele yake, na maji yakabaki palepale.

Siku ile alirudi nyumbani akamkuta mumewe amelala chini ya jokofu la mtu. Hakumsalimu.

"Barafu inayoelea ikiyeyuka, maji yanapanda au hayapandi?"

"Hayapandi," mume akasema kutoka kule chini.

"Umejuaje?"

"Mke wangu, glasi imejaa maji na barafu, nimeiona ikiyeyuka tangu nikiwa kijana. Haijawahi kumwagika." Akatoka, akafuta mikono. "Ni kama benchi. Mtu aliyekwisha kaa akivua koti lake, nafasi ni ileile. Lakini aliyesimama nje akiingia kukaa, mtasogeleana. Barafu inayoelea imeshakaa."

"Na kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza."

Kesho yake asubuhi nilimkuta chumba cha walimu anapiga hesabu nyuma ya bahasha. Miaka ishirini na miwili, madarasa mawiliwili kila mwaka. Jibu lilipita wanafunzi elfu moja na mia saba.

"Elfu moja na mia saba, Sarufi. Wote nimewazamisha."

"Watakuwa wamesahau," nikasema, kwa nia ya kumfariji. Alinitazama kwa namna ambayo ilinionyesha kwamba hiyo si faraja kwa mwalimu.

Akajipiga moyo konde, akaingia darasani, akasimama mbele ya wanafunzi wake akasema, "Nilikosea."

Lilikuwa neno geni. Katika shule yetu mwalimu aliweza kuchelewa, kusahau, kuumwa au kuhamishwa, lakini kukosea hakukuwa kwenye ratiba. Kiranja wa darasa akanyanyuka polepole, akatoka nje, akaenda kumwarifu mkuu kwamba Mwalimu Ikweta anaumwa. Mkuu akaja na glasi ya maji. Akamkuta mwalimu wake mzima wa afya anaeleza kwamba barafu ya kuogopwa na watu wa pwani ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu, ya kusini na ya kisiwa kile kikubwa cha Grinlandi. Ile inayoelea haipandishi bahari, ina madhara mengine. Ikitoweka, maji meusi yanabaki wazi na kunyonya jua, kama kile kitambaa cheusi uwanjani. Wanafunzi wakafuta ya zamani, wakaandika mapya. Mkuu akanywa maji mwenyewe, akaondoka.

Mambo yangeishia hapo, kama si mtihani wa majaribio. Mtihani huo ulitungwa na ofisi ya elimu kwa ajili ya shule zote za eneo letu, na swali la kumi na saba liliuliza: barafu ya bahari ya Ncha ya Kaskazini ikiyeyuka yote, kina cha bahari kitapanda, kitashuka, au hakitabadilika sana? Wanafunzi wa Ikweta, wote arobaini na mmoja, walijibu kwamba hakitabadilika sana. Mwongozo wa kusahihisha ulisema kitapanda. Wote arobaini na mmoja wakakoseshwa. Shule ya jirani, ambako hakuna aliyewahi kugusa barafu, walipata.

Mkuu alimwita. "Miaka yote swali hili tunalipata. Mwaka huu umefundisha kwa vitendo, tumelikosa. Nieleze mimi ninayeelewa polepole."

"Tumelikosa kwa sababu tumepatia," Ikweta akasema.

"Hilo usiliandike kwenye ripoti."

Siku mbili baadaye tulikwenda ofisi ya elimu. Nasema tulikwenda, kwa sababu yeye alibeba beseni na mimi nikabebeshwa chombo cha barafu cha mumewe, kizito kama dhambi, na mlinzi wa getini akatuuliza tunauza samaki gani. Tukapandishwa ghorofa ya pili, kwa afisa mitihani, mtunzi wa maswali ya jiografia. Ofisi ilikuwa na zulia la buluu, kabati la chuma, na kiyoyozi kilichopuliza kana kwamba kinalipwa kwa pumzi. Nyuma ya meza aliketi mtu wa makamo, tai imenyooka, miwani safi. Akasimama alipotuona, akatabasamu kwa haya.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ikweta akamkazia macho. "Marahaba. Kasuku!"

Karani aliyekuwa mlangoni akainamisha kichwa haraka kuficha kicheko. Afisa mitihani akamwomba afunge mlango kwa nje.

Kasuku alikuwa mwanafunzi wake miaka ishirini iliyopita, mtoto mtulivu aliyeketi nyuma na kurudia kila neno la mwalimu midomo ikitikisika. Ikweta alikuwa amemsahau kabisa mpaka dakika ile. Katika wanafunzi elfu moja na mia saba ambao, kwa maneno yangu mwenyewe, wangekuwa wamesahau, huyu hakusahau hata nukta.

"Swali la kumi na saba," Ikweta akasema. "Jibu lako si sahihi."

"Mwalimu," afisa akasema kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa, "jibu ni la kwako."

Akafungua kabati la chuma, akatoa daftari la shule lililofungwa kwa mfuko wa plastiki. Akalifunua bila kutafuta. Mwandiko wa mtoto, mstari kwa mstari: barafu ya bahari ya Ncha ya Kaskazini ikiyeyuka yote, bahari itapanda na miji ya pwani itazama. Chini yake palikuwa na alama kubwa ya vema ya wino mwekundu na maneno ya mkono wa Ikweta: Vizuri sana. Endelea hivyohivyo.

"Nami nimeendelea," afisa akasema.

Ikweta alilishika lile daftari. Nilidhani atalia, au atacheka. Alifanya jambo la tatu ambalo sikulitarajia: alijivuna. Kidogo tu, kwenye mabega, halafu akajishika.

"Maswali yako yote unayatoa humu?"

"Yote. Ndicho kitabu bora nilicho nacho."

Niliona rangi inamtoka. Akaweka beseni juu ya meza ya serikali, akamimina maji kutoka kwenye chupa, mengine yakamwagikia zulia, akatia barafu ikaelea, akaweka alama ya kalamu. "Kaa uangalie," akamwambia, na afisa mitihani, mtu mwenye wafanyakazi kumi na wawili chini yake, akaketi.

Tukaangalia. Kwa kiyoyozi kile barafu haikuona sababu ya kuyeyuka. Ilipita nusu saa. Mimi ndiye niliyeanza kuganda. Afisa akaitwa kikao kifupi ghorofa ya juu, nasi tukatoka kwenda msalani. Tuliporudi, mama wa chai alikuwa ameshafuta meza, beseni limeoshwa na kukaushwa vizuri, limeegemezwa ukutani.

"Mama, yale maji yako wapi?" Ikweta akauliza.

"Nimemwaga, mwalimu wangu. Na ile barafu nimewatilia wageni kwenye juisi. Mambo ya kuacha vitu vizuri viharibike siyawezi."

Ncha ya Kaskazini ikawa imenywewa kweli safari hii.

Tukaanza upya na barafu iliyobaki. Mara hii afisa alizima kiyoyozi, akafungua dirisha, joto likaingia na vumbi lake. Baada ya saa moja tai yake ilikuwa mfukoni na mgongo wa shati umelowa. Karani alichungulia mara mbili na mara mbili akarudi. Kipande cha mwisho kilipungua, kikawa kama kucha, kikapotea. Afisa akavua miwani, akaileta karibu na alama ya kalamu, akaivaa tena.

Maji yalikuwa palepale.

"Nimelitunga swali hili miaka sita," akasema.

"Mimi nimelitunga ishirini na miwili," Ikweta akamjibu. "Sogea, nami niketi."

Waliketi bega kwa bega upande uleule wa meza, mwalimu na mwanafunzi, wakitazama beseni la maji. Kisha afisa akauliza kwa sauti ya chini, "Na mengine, Mwalimu? Yaliyo humu daftarini?"

"Hayo sijayatilia maji bado," Ikweta akasema.

Siku kumi baadaye zilikuja barua mbili. Ya kwanza ilisema kwamba baada ya kamati kukaa, swali la kumi na saba limefutwa, na kila mtahiniwa apewe alama yake. Mkuu alifurahi, shule ilirudi nafasi yake ya kawaida, ya katikati, ambako hakuna anayekusifu wala kukusumbua. Ikweta aliisoma barua mara mbili akanipa.

"Kwa hiyo waliosema kweli wamepata, na waliosema uongo wamepata."

"Wamepata."

"Hata aliyeacha wazi?"

"Hata aliyeacha wazi."

"Ndiyo haki hiyo?"

"Ndiyo kamati hiyo," nikasema.

Barua ya pili iliwakumbusha walimu wote kwamba hairuhusiwi kuingia na vimiminika katika ofisi za umma. Sahihi ilikuwa ya afisa mwingine, lakini chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu, mwandiko wa kitoto kidogo: Samahani, Mwalimu. Zulia.

Aliporudi darasani kuwaeleza wanafunzi wake yaliyotokea, Kwanini alinyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Kwa hiyo, Mwalimu, likija kwenye mtihani wa mwisho, tuandike lipi?"

"Muandike la kweli."

"Na kama msahihishaji naye alifundishwa na wewe?"

Darasa likaangua kicheko, kisha likashika pumzi, kwa kuwa zamani swali kama hilo lingemfikisha mtu uwanjani kupiga magoti. Mimi nilikuwa dirishani, nilimwona. Ikweta alicheka mpaka akashika mkanda kwa mikono miwili. Kisha akajifuta macho, akavuta kiti, akaketi mbele yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sikilizeni, wanangu. Sijui," akasema. "Alama moja ni alama moja, na kuna mtu hapa alama hiyo itamnyima shule anayoitaka. Siwezi kusema haitauma. Mimi nadhani andikeni mlichokiona. Lakini anayetaka kuandika kile cha zamani, sitamchukia. Nilikiandika mimi."

Wakabishana siku nzima. Walibishana mapumzikoni, walibishana kwenye foleni ya chakula. Wengine walikata shauri kusema kweli, wengine walisema kweli italindwa baada ya matokeo. Kiranja alipendekeza ipigwe kura. Kwanini alisema maji hayapigi kura, na wakanuniana wiki mbili.

Mtihani wa mwisho ukafika. Tulisimama nje ya uzio mimi na Ikweta, tukingoja watoke, yeye akijipepea kwa lile daftari nene. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri, kama mtu anayekwenda kusikiliza hukumu yake mwenyewe. Mlango ulipofunguliwa, wa kwanza kumfikia alikuwa Kwanini, uso umemvimba kwa hasira.

"Haikuulizwa barafu, Mwalimu! Hata moja!"

"Waliuliza nini?"

"Mawingu. Maswali manne. Aina za mawingu, na mvua inatokana na lipi, na kwa nini. Mawingu hatukusoma."

Ni kweli hawakusoma. Zile wiki tatu za mabeseni zilikuwa za mawingu. Wanafunzi wakamzunguka, kila mmoja na malalamiko yake, na mmoja akasema yeye alichora sili kwenye nafasi iliyobaki ili isikae bure. Ikweta aliwasikiliza wote mpaka wa mwisho, akawaomba radhi, mara ya pili mwaka ule, na safari hii hakuna aliyekwenda kumletea maji. Matokeo yalipotoka walikuwa wamefanya wastani, kama kila mwaka. Kwanini alipata shule ya bweni ambayo hakuichagua, akaenda na rula yake, na nasikia walimu wa huko wamekwisha kumjua.

Lakini siku ile ya mtihani, wote walipokwisha kuondoka, tulirudi chumba cha walimu kuchukua mikoba yetu. Ikweta hakuchukua mkoba. Aliketi, akafunua daftari lake kwenye ukurasa wa mawingu, ule aliouruka. Alisoma mstari wa kwanza akiwa na tabasamu la mtu anayesalimiana na rafiki. Kwenye mstari wa tatu tabasamu likasimama. Akavaa miwani, akaurudia, kidole chini ya kila neno.

"Sarufi," akasema bila kuinua macho, "birika lina maji?"

"Yapo nusu. Nikupikie chai?"

"Si ya chai," akasema. "Washa tu, nataka mvuke. Na uniletee kitu chochote cha bati kilicho baridi."